Jumamosi za Kolhapur

Jumanne, 9 Juni

Mvua imefika leo alasiri, siku mbili baada ya ile iliyotangazwa redioni. Kipimo cha uani kimesoma milimita kumi na nne. Mto, futi saba. Hayo nimeyaingiza kwenye daftari la Idara ya Umwagiliaji, kama kazi yangu ilivyo. Haya mengine nayaandika kwenye daftari la mwaka juzi lililobaki na kurasa tupu, ambalo hakuna anayelihitaji. Litakaa kwenye droo yangu ya ofisini, chini ya ramani; ya siku za mapumziko nitayaandika kwenye karatasi na kuyabandika humo. Droo ina kufuli. Kufuli lina funguo mbili, na wa pili sijui uko kwa nani.

Asubuhi niliomba ruhusa nikaenda Miraj kwa daktari wa tatu. Wa kwanza alisema ni woga. Wa pili alinipa dawa ya kupaka iliyowasha kama pilipili. Huyu wa tatu alinitazama kwa muda usiotosha kuchemsha chai ya mtu mmoja, akavua glavu, akasema, "Huna ugonjwa. Jilegeze. Ukishazaa litaisha lenyewe."

Nikamuuliza nitazaa vipi. Akacheka, akamwita mgonjwa mwingine.

Basi niandike, maana sijawahi kuliandika. Nina miezi kumi na minne katika ndoa. Kila tukikutana kimwili naumia, na si maumivu ya kukaza meno ukayapita. Ni kama mshono mpya unafumuliwa. Tulijaribu, tukaacha, tukajaribu tena. Tangu Machi hatujajaribu. Mandar halalamiki. Ananifunika shuka begani, ananipa mgongo. Rafiki zangu wakisikia wangesema nina bahati ya mume. Mimi nasoma vipimo kwa mshahara. Kipimo kikisoma chini siku ya mvua kubwa, najua kuna tundu mahali.

Alhamisi, 11 Juni

Milimita thelathini na mbili. Mama mkwe ameuliza kwa nini nimepungua. Nimesema ni joto. Hakukuwa na joto.

Jumatatu, 15 Juni

Sikuandika jambo moja la Miraj. Nilipokuwa natoka getini, muuguzi wa yule daktari alinikimbilia na mwavuli, akanitia karatasi mkononi. "Dada, huyu yuko Kolhapur. Anafanya fiziotherapia ya misuli ya nyonga, ya wanawake tu. Usimwambie daktari kwamba mimi nimekupa."

Nimeikalia karatasi hiyo siku sita. Kwa nini muuguzi alowane kwa ajili ya mtu asiyemjua? Bila shaka anapata chake kwa kila kichwa anachopeleka. Na fiziotherapia naijua: mjomba alifanyiwa goti. Sasa goti na hili wapi na wapi?

Jumamosi, 20 Juni

Nimepiga simu nikiwa ukingoni mwa mto, ambako hakuna wa kunisikia. Aliyepokea ni mwanamke, na nyuma yake sufuria ya presha ilikuwa inapiga mluzi. Kliniki gani inapika dengu?

"Jina lako nani?" aliuliza.

Nikataja jina la shangazi yangu.

"Sawa, dada. Njoo Jumamosi saa nne. Vaa suruali pana."

Kwa nini suruali pana, hakusema.

Jumapili, 21 Juni

Nimedanganya leo mezani, mbele ya wote wawili. Nimesema idara imetuandalia mafunzo ya kompyuta Kolhapur, kila Jumamosi, hadi mwisho wa Agosti. Mandar alikuwa anamega mkate wa mtama. Vidole vyake ni vya njano hadi kwenye kucha. Kazi yake ni kupanga madaraja ya binzari sokoni, na sabuni haijawahi kuitoa. Akanitazama kidogo, akasema, "Sawa."

Sawa tu. Hakuuliza nani anafundisha wala nitarudi saa ngapi.

Mama mkwe ndiye aliyeuliza. "Jumamosi? Serikali imeanza lini kufanya kazi Jumamosi?"

"Mwaka huu, Mama."

"Haya." Akaniongezea mboga bila kuniuliza. Mama akikuongezea chakula bila kukuuliza, ujue anapanga jambo.

Jumamosi, 27 Juni

Nimekwenda.

Chumba kiko juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Hakuna kibao. Nilipita mlangoni mara mbili kabla ya kuuliza, na muuza vipuri akanyoosha kidole juu bila kuinua macho, kama mtu anayeulizwa hivyo kila siku. Nilipanda nikiwa nimeshika simu mkononi, tayari.

Anaitwa Shalaka. Ana miaka arobaini hivi, mwenye mikono mikubwa na sauti ya mwalimu wa michezo. Ukutani ana cheti. Alipogeuka kufunga dirisha nikapiga picha namba ya usajili. Aliniona.

"Piga vizuri," alisema, "hapo kuna mwanga unarudi. Sogea huku."

Hakunigusa leo. Kwa saa nzima aliuliza maswali tu, na mengi hayakuhusu kilichonileta. Nalala vipi, napata choo vipi, naketi vipi. Halafu: "Kazini unakwenda haja ndogo mara ngapi?"

Nikacheka. Ofisini kwetu kuna choo kimoja, kitasa chake kimevunjika, na wanaume kumi na wawili hukitumia. Nikamwambia mimi huingia saa tatu asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni, na katikati siendi.

"Miaka mingapi?"

"Mitano."

"Na shuleni?"

Shuleni choo hakikuwa na mlango.

Akaniambia nikunje ngumi, nisiikunjue. Tukaendelea kuongea. Baada ya dakika kumi mkono ulianza kutetemeka. Akachukua kalamu, akajaribu kuipitisha kati ya vidole vyangu vilivyobana. Iliuma. "Sasa jilegeze," alisema, kwa sauti ileile ya daktari wa Miraj, na ngumi haikujua ifunguke vipi. "Kuna misuli chini ya nyonga zako, imetandikwa kama sakafu," alisema. "Yako imekunja ngumi tangu uko shule. Wewe si mwoga wala humkatai mumeo. Misuli haijui tu kuachia, na kazi yetu ni kuifundisha."

Kisha tukafanya kupumua. Nililala chali, nikaambiwa nishushe pumzi hadi chini kabisa, mahali ambapo sikujua kuwa pumzi hufika. Nimesafiri saa moja na nusu kwenda kupumua. Tapeli mzuri angenipa walau chupa ya mafuta.

Jina langu halisi amelijua. Nilijisahau nikaliandika kwenye fomu: Ketaki. Hakusema kitu kuhusu lile la shangazi.

Jumatatu, 29 Juni

Nimepiga simu Mumbai, kwenye baraza lao la usajili. Nilisubirishwa dakika arobaini na wimbo wa kinanda. Jina lipo, namba ni yake. Nilivunjika moyo kidogo. Asingekuwepo, ningekuwa na sababu ya kuacha.

Jumamosi, 4 Julai

Mto futi kumi na tisa. Kolhapur.

Leo amenigusa. Alivaa glavu, akaniuliza mara tatu kama niko tayari, akasema, "Ukisema basi, ni basi. Sitauliza kwa nini."

Madaktari wote hao, na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Ndiyo maana sikumwamini. Alipoanza, kabla hata sijaumia, nikasema "basi," nione atafanya nini.

Akaondoa mkono, akavua glavu, akaenda kunawa. Akarudi, akaketi, akaanza kunieleza habari za paka wa jirani yake. Alijua nimemjaribu. Baada ya hapo nikamwambia aendelee, na iliuma, na nikasema basi kwa kweli, na ikawa vilevile.

Jumatano, 8 Julai

Mandar amekuwa akipanda darini, kwenye paa la kuanikia nguo, kupiga simu baada ya chakula. Leo nilipanda kuanua nguo. Nikamsikia akisema kwa sauti ya chini, "Hapana, hajui. Usije ukamwambia." Aliponiona akasema kwa sauti kubwa, "Basi tutaongea," akakata.

"Nani huyo?"

"Watu wa sokoni."

Watu wa sokoni huongea kwa kupiga kelele. Nawajua wote.

Alhamisi, 9 Julai

Milimita sitini na moja. Tena darini, akiwa na mwavuli. Mtu asimame mvuani kuongea habari za binzari.

Jumamosi, 11 Julai

Dada Shalaka amenipa vifaa vya mazoezi: vipande vitano vya plastiki laini, cheupe kila kimoja, cha kwanza chembamba kama kidole kidogo, cha mwisho sikukitazama. Niviingize mwilini nyumbani kila siku, kwa mafuta na zile pumzi, kimoja hadi kisinitishe ndipo niende kingine.

"Nyumba yetu ukuta ni mwembamba," nilimwambia. "Chumba cha mama mkwe kiko upande wa pili."

"Havipigi kelele," alisema.

Nimevificha kwenye kopo la biskuti, chini ya sweta za baridi. Mama huenda hekaluni saa kumi na moja na nusu na kurudi saa kumi na mbili na nusu. Saa hiyo moja ndiyo yangu.

Alhamisi, 16 Julai

Kifuniko cha kopo kina picha ya tausi. Mimi huweka kichwa cha tausi kikielekea ukutani. Leo kilielekea mlangoni.

Jumapili, 19 Julai

Wifi yangu Pallavi amekuja kutoka Pune kwa siku mbili. Dada mkubwa wa Mandar, mwalimu, mtu wa maneno mengi. Safari hii alikuwa mpole kwangu, jambo lililonitia wasiwasi tangu mlangoni. Tulipokuwa jikoni tukichambua majani ya uwatu alisema, bila kuniangalia, "Wifi, jambo likikuuma useme. Usijikaze."

"Jambo gani?"

"Lolote. Nasema tu."

Usijikaze. Kati ya maneno yote ya duniani akachagua hilo. Ama amesoma daftari hili, ama amefungua kopo. Daftari liko ofisini. Basi ni kopo. Au ni ule ufunguo wa pili.

Jumatatu, 20 Julai

Pallavi ameondoka. Nimehamishia kopo juu ya kabati.

Jumamosi, 25 Julai

Futi ishirini na nane. Kifaa cha tatu, na sikulia. Dada Shalaka hakunisifu kama mtoto, aliandika tu kwenye faili. Nimeanza kupenda hilo.

Jumatatu, 27 Julai

Mzee Jadhav, tunayekaa naye meza moja ofisini, ameniletea habari na chai. "Binti, mama mkwe wako kaniuliza jana hekaluni mafunzo ya kompyuta yanakwendaje."

Nilihisi sakafu yangu yote ikikunja ngumi, na sasa nilijua ni wapi. "Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia mimi mzee, hawaniiti kwenye mambo ya kompyuta." Akapuliza chai. "Yapo mafunzo?"

"Yapo."

"Haya." Hakuuliza zaidi. Hapa ofisini kila mtu ana haya yake, na sijui hata moja maana yake nini.

Alhamisi, 30 Julai

Milimita mia moja na nne. Bwawa la juu wamefungua milango minne. Mama amenisukia nywele leo, jambo ambalo hajalifanya tangu harusi. Alikuwa akinusa nywele zangu. Naapa alikuwa akinusa.

Jumamosi, 1 Agosti

Kolhapur. Futi thelathini na tatu. Barabara ina maji mahali pawili lakini basi lilipita.

Jumatatu, 10 Agosti

Naandika kwenye karatasi za fomu za wagonjwa, nitazibandika baadaye. Niko bado Kolhapur.

Juzi Jumamosi sikupaswa kusafiri. Mto ulikuwa futi thelathini na nane alfajiri, na nilijua kuliko abiria wote ndani ya lile basi maana yake ni nini. Lakini nilikuwa nimefika kifaa cha nne, na nilikuwa na hofu kwamba nikikosa wiki moja mwili utasahau. Nikapanda.

Saa saba mchana, nikiwa bado kwa dada Shalaka, muuza vipuri alipanda ngazi kutuambia barabara imefungwa pande zote. Nusu saa baadaye simu yangu ikaita. Mandar.

"Uko wapi?"

"Kolhapur. Mafunzo. Barabara imefungwa."

Kisha akasema polepole, "Mhandisi wako amepiga hapa nyumbani. Wanamtafuta kila mtu wa vipimo. Nikamwambia uko kwenye mafunzo. Akaniuliza mafunzo gani."

Nikaanza kutafuta viatu vyangu.

"Ketaki, uko na nani?"

Dada Shalaka alikuwa mbele yangu, amenyoosha mkono, kwamba nimpe simu aongee yeye. Nilitaka sana. Lakini nikawaza: nikimpa, maisha yangu yote nitakuwa na mtu wa kunisemea jambo hili. Nikatoka nikakaa kwenye ngazi.

Nikamwambia. Nilimwambia vibaya, kuanzia mwisho: vifaa, glavu, kupumua, muuguzi wa Miraj, choo cha ofisini. Nilisema kwamba siumii kwa sababu yake, na pia kwamba nilikuwa naumia kila mara, hata zile mara nilizosema siumii. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya duka, sikujua anasikia nini na nini hasikii.

Nilipomaliza alisema, "Nilidhani unatafuta chumba cha kupanga huko. Nilidhani unaniacha, unaniacha taratibu ili nisione aibu."

"Na wewe unaongea na nani darini?"

"Pallavi."

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu sisi. Sikuwa na mtu mwingine. Nilimuuliza nina kasoro gani."

Nilikata simu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mwanamke wa sokoni. Nilishakuwa na maneno yake tayari. Kitanda changu kimekuwa kikisimuliwa Pune tangu masika, na wifi yangu akichambua uwatu nami jikoni huku anajua. Hasira ilinishika hadi jioni. Ilipopungua, nikaona kwamba mimi pia nimekaa miezi miwili nikimsimulia mtu wa Kolhapur kitanda chake yeye.

Nimelala kwa dada Shalaka siku mbili hizi, chumba cha nyuma, pale sufuria inapopigia mluzi. Hajanitoza wala hajanishauri. Jana tu, tukimenya vitunguu, alisema, "Wengi wanaokuja hapa wamesema wako kwa fundi cherehani. Mafunzo ya kompyuta ni mapya. Nitayaandika."

Jumatano, 12 Agosti

Nimefika nyumbani jana kwa lori la jeshi na kwa miguu. Mto umefika futi arobaini na nne ukaanza kushuka. Uchochoro wetu haukuingia maji. Wa chini yetu wote umehamia shuleni. Mandar alikuwa huko akibeba magodoro ya watu. Nyumbani alikuwepo Mama peke yake, ameketi kitandani kwangu, na kopo la biskuti mapajani.

"Kaa," alisema.

Nikakaa chini.

"Hivi niliviona zamani. Mwezi wa saba. Mwanzoni nilidhani umerogwa. Baadaye nikadhani umepewa na mwanamume." Alifungua kopo, akatoa cha kwanza, akakigeuza kama anayechagua karoti. "Mandar ameniambia ni dawa. Hakutaka kuniambia dawa ya nini. Niambie wewe."

Nilifikiri kumdanganya. Nilikuwa na uongo mmoja tayari, wa mgongo. Lakini nilikuwa nimetembea kilomita tisa kwenye tope. Nikamwambia, kwa maneno machache na macho yangu sakafuni.

Nikasubiri yaje: ukaidi, elimu nyingi, wasichana wa siku hizi.

"Mimi niliuma shuka," alisema. "Hadi Mandar alipoanza shule. Halafu baba yake akahamia kulala chumba cha mbele, watu wakasema tumegombana. Hatukugombana. Mimi nilishukuru." Akarudisha kile kifaa koponi. "Nilidhani ndivyo lilivyo kwa wote. Nilidhani wengine wanajua kunyamaza kunizidi."

Nikamshika mguu, akauacha hapo kidogo kisha akauvuta.

"Huyo mwanamke wa Kolhapur. Una hakika si tapeli?"

"Nina hakika, Mama. Nilipiga simu Mumbai."

"Ulifanya vizuri," alisema. "Siku hizi wapo wengi."

Jumanne, 18 Agosti

Ibada ya wake wapya, Jumanne ya kwanza ya mwezi mtukufu wa Shravan. Mwaka huu ilifanyika kwa Kusum, dada wa marehemu baba mkwe, mchana kutwa, wanawake ishirini na michezo ya kurukaruka na kuzungushana. Baada ya chakula shangazi Kusum akaniketisha katikati.

"Mwaka wa pili huu, bibi harusi. Vipi, kitanda kimevunjika mguu? Tumlete seremala?"

Wote wakaangua kicheko. Nami nikacheka, kama tulivyozoea. Nikamtafuta Mama kwa macho; nilitaka kuona anavyocheka yeye, kwa sababu sasa ana cha kusimulia, na mwanamke akiwa na cha kusimulia siku kama hii ni vigumu kujizuia.

Mama alikuwa anakunja sari yake. "Kusum," alisema, "wewe kitanda chako kilikuwa kizima na ulikuwa ukija kulia jikoni kwangu. Mwache mkwe wangu ale."

Hakuna aliyecheka. Shangazi Kusum aliniletea halua ya pili mwenyewe.

Njiani kurudi Mama hakuligusa tena. Alilalamika tu kwamba dengu ilikuwa na chumvi.

Jumamosi, 22 Agosti

Mandar amekuja nami Kolhapur. Barabarani bado kuna mstari wa tope kwenye kuta, juu ya vichwa vya watu. Alipanda ngazi akakagua kila kitu: cheti, kitanda, kabati la glavu. Nilimtambua mtu huyo. Nilikuwa yeye mwezi wa sita.

Aliketi kwenye kigoda, mikono yake ya njano magotini, akauliza swali moja tu. "Miezi yote hiyo nilikuwa namuumiza?"

Nilitegemea dada Shalaka atamlainishia. "Ndiyo," alisema. "Naye alikuficha. Nyote wawili mlikuwa mnajitahidi sana, kila mtu upande wake."

Kisha akamwambia kazi yake ni ipi: kwa sasa asifanye lolote ila kusikiliza neno moja, na akilisikia asimame, asinune, asiombe msamaha mara kumi.

"Hilo tu?" Mandar aliuliza.

"Kalijaribu kwanza, kaka."

Kwenye basi tuligombana kuhusu Pallavi, kwa sauti za chini, kutoka Kolhapur hadi nyumbani. Amesema hatamwambia tena. Nimemwambia siwezi kujua. Amesema, "Ni kweli, huwezi." Jibu hilo nililiamini kuliko ahadi.

Ijumaa, 28 Agosti

Nimemwandikia mhandisi barua kuhusu choo: kitasa, na ufunguo wa wanawake. Makarani wengine wawili wametia saini, na Mzee Jadhav pia, ingawa hakuombwa.

Jumatano, 2 Septemba

Milimita tatu. Mhandisi amejibu kwamba suala liko kwenye mchakato. Nimeandika barua ya pili.

Jumamosi, 5 Septemba

Kolhapur. Kifaa cha tano. Dada Shalaka anasema nisihesabu siku, na kwamba bado kuna wiki nyingi. Kitasa kipya kimewekwa jana. Nilikwenda saa sita mchana bila hata kubanwa.

Jumapili, 13 Septemba

Kesho sanamu ya mungu Ganapati inaingia kwa sikukuu yake, na nyumba nzima inanuka nazi na sukari guru. Baada ya chakula cha mchana Mama alivaa viatu, akasimama mlangoni, akatangaza kama anayesoma ratiba ya treni: "Nakwenda kwa Kusum kumsaidia mapambo. Nitarudi saa kumi na mbili. Si kabla."

Mandar aliangalia gazeti. Mimi niliangalia dari. Geti likafungwa.

Tulikaa muda mrefu bila kusogea, kama watu wawili wanaosubiri kuitwa kwenye usaili. Halafu tukaanza kucheka, na baada ya hapo ilikuwa rahisi kidogo.

Nilisema basi mara mbili. Mara ya kwanza hapakuwa na maumivu yoyote, nilisema tu. Alisimama. Hakuuliza, hakununa. Aliniangalia nikipumua. Mara ya pili iliuma, kidogo, pembeni, kama kiatu kipya, akasimama tena, na tukangoja hadi ikaisha. Kisha nikamwambia twende. Nilikuwa nayatafuta maumivu kama namtafuta mwizi chumba hadi chumba, nikijua yumo, na kila nilipofungua nilikuta hayupo. Sikuona mbingu ikifunguka. Nilikuwepo tu, mwili wangu wote, mchana, na dirishani kuna mtu anauza maua.

Sijapona. Nimeandika hapa kile nilichokiona, kama ninavyoandika mto: leo imesoma hivi, kesho sijui.

Tulilala usingizi baadaye. Nilishtuliwa na Mama akikohoa getini, kikohozi kirefu cha mtu ambaye hana mafua, na funguo zikidondoshwa chini kwa makusudi mara mbili. Nikafungua macho, nikauona ukuta. Ilinichukua muda kuelewa kwa nini ukuta uko karibu hivyo. Kwa miezi kumi na saba nimekuwa nikilala nimemwelekea Mandar, kila siku, nipate kumwona akija. Leo nilikuwa nimempa mgongo, na nilikuwa nimelala.